Makaa Niliyotafsiri Vibaya

Mwezi uliopita wasichana watatu walinijia hapa Nunguni kuniuliza kama kutafsiri mikutanoni ni kazi inayoweza kumlisha mtu. Niliwapa chai na jibu fupi: inalisha kidogo. Walipoondoka nikaona nimewanyima jibu lenyewe. Kwa hivyo naandika, wao wasome, na nyinyi wengine mnaoanza msome pia.

Mimi nilikuwa mkalimani wa mahakama kule Kitui tangu nikiwa na meno yangu yote. Nilipostaafu nikarudi Makueni, nilikoolewa, na nikadhani nitalima maharagwe nipumzike. Wapi. Kila mgeni aliyekuja na Kiingereza chake kuzungumza na watu wa Kikamba, kwenye baraza, semina au kanisani, aliambiwa, "Mtafuteni Mama Mutinda." Mama Mutinda ndiye mimi.

Acha nianze na ndoo.

Ilikuwa wiki yangu ya pili mahakamani. Shahidi alikuwa bibi mmoja wa Kitui mjini, Mwislamu, ambaye wazazi wake walikuja kutoka pwani kufanya biashara wakabaki. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kama halua, na mimi mtoto wa bara nilikuwa najikaza kukifuata. Akasimulia vile jirani yake alimwita siku ya ugomvi. "Akaniambia, ndoo! Nami nikaenda." Mimi ndoo niliyoijua ni ya kuchotea maji. Nikamwambia hakimu kwa Kiingereza kwamba jirani alimtajia ndoo, naye akaenda. Hakimu akaandika. Mwendesha mashtaka akasimama, akauliza ndoo hiyo ilikuwa ya rangi gani. Nikamuuliza bibi.

"Ndoo gani tena, mwanangu?" akasema. "Mimi sina ndoo."

Hakimu akaandika kwamba shahidi sasa anakana ndoo.

Nyuma yangu alikuwa amekaa Mzee Kilonzo, mkalimani mkuu, mtu mwembamba aliyevaa koti moja miaka yote. Akainua mkono, akaomba ruhusa, akaeleza kwamba kule Mombasa "ndoo" ni "njoo". Mahakama nzima ilicheka, pamoja na mshtakiwa. Mimi nilitaka sakafu ipasuke.

Saa ya chakula Mzee Kilonzo alininunulia sahani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akaniuliza swali moja tu. "Ulipolisema lile neno, ulihisi kwamba halikai sawa?"

"Nilihisi, mzee."

"Basi pale pale unainua mkono. Hakimu atakukasirikia dakika moja. Ukibahatisha, kuna mtu atakaa ndani miaka."

Niliyachukua maneno yake na nikakaa nayo miaka yote ya mahakama. Niliinua mkono mpaka mahakimu wengine wakaniita mwanafunzi. Watu hufikiri kazi hii ni kujua maneno mengi. Kujua maneno kunasaidia, lakini sehemu kubwa ni kujua ni lini hujui, na kuwa na uso wa kulisema hilo mbele ya watu.

Mambo mengine ni madogo lakini yatawaokoa. Kunyweni maji ya vuguvugu, si soda. Soda itakufanya ubeue kwenye maikrofoni na watu watakumbuka hilo tu. Simama mahali unapouona mdomo wa msemaji. Mtu akitukana, tukana, usimsafishie. Na usikubali kamwe kupanda jukwaani kabla hujakaa na mgeni nusu saa akakutajia maneno yake magumu. Siku hizi mna programu za kutafsiri kwenye simu, na mimi sizidharau. Mjukuu wangu alinionyesha yake. Niliijaribu na neno moja la Kiingereza, neno ninalolijua vizuri sana sasa, na ikakosea vile vile nilivyokosea mimi. Ilinifariji kidogo, kisha ikaniogopesha.

Neno hilo ndilo nililotaka kuwaeleza.

Mvua ilikuwa imetupita misimu miwili mfululizo. Nyinyi wa sehemu za chini mnajua. Hapa Nunguni juu tunapata ukungu na manyunyu, mboga zinajisukuma. Lakini ukishuka kuelekea Mbumbuni unaona pojo zimenyauka zikiwa na urefu wa kidole, na ng'ombe wamesimama tu kama wamesahau walikokuwa wanaenda. Watu walikuwa wamechoka kuulizana kwa nini. Wengine walisema ni Mungu. Wengine walisema ni wale wanaochota mchanga mitoni. Ndipo kanisa moja kule likaalika mtafiti wa hali ya hewa aje aeleze.

Jina lake lilikuwa Daktari Mwende. Wazazi wake ni wa Kitui lakini alikulia Nairobi, na Kikamba chake kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mpole, amevaa viatu vya kutembea shambani. Nilimpenda mara moja. Tatizo ni kwamba gari lake lilichelewa. Watu walikuwa wameshaimba nyimbo nne, watoto wameanza kulia, na mchungaji akasema, "Tuanze, tuanze." Ile nusu saa yangu ikaenda hivyo. Nilipanda jukwaani na mgeni ambaye sijakaa naye hata dakika tano.

Alianza vizuri. Akaonyesha ukutani mstari mwekundu unaopanda, akasema hilo ni joto la dunia tangu watu waanze kulipima. Kabla hajamaliza, mzee mmoja akasimama katikati ya kanisa. Alikuwa Mzee Nzioka, fundi mawe, aliyelijenga lile kanisa lenyewe kwa mikono yake. Mikono yake bado ni mipana kama karai.

"Mwambie Daktari namheshimu," akasema. "Lakini babu yangu alihama kwa sababu ya ukame, na wakati huo hapakuwa na gari hata moja kutoka hapa mpaka Kitui. Huo ukame uliletwa na nani? Juzi mafuriko yalipobomoa daraja mlisema ni mabadiliko ya hali ya hewa. Sasa ni kavu, mnasema ni hayo hayo. Mimi fundi akiniambia ukuta umepasuka kwa sababu ya maji, na kesho aniambie umepasuka kwa kukosa maji, nitamuuliza anipe ushahidi."

Vijana wakamzomea. Walikuwa wa kikundi cha mazingira, wamevaa fulana za kijani, na kiongozi wao alikuwa Mutua, mwalimu wa shule ya msingi, kijana safi anayetaka dunia ipone kabla ya Ijumaa. Mzee Nzioka hakutikisika. Mimi nilitafsiri swali lake lote, na niliona Daktari amelipenda.

Akajibu kwamba ni kweli, ukame ulikuwepo tangu zamani na hakuna mtu anayekataa. Kilichobadilika ni joto linaloubeba, na joto hilo linakausha haraka na pia linafanya mawingu yabebe maji mengi zaidi, ndiyo maana yote mawili yanatokea. Nikatafsiri vizuri, nilijivunia hata. Kisha akasema kwa Kiingereza sentensi moja fupi: kwamba chanzo kikubwa ni shughuli za binadamu, hasa kuchoma makaa ya mawe na mafuta.

Sasa sikilizeni. Neno la makaa ya mawe lilinifikia na nililijua. Lakini Kikamba hakikunipa haraka neno la jiwe jeusi linalochimbwa chini na kuwaka, na wengi pale ndani hawajawahi kuliona. Watu walikuwa wamenitazama, maiki iko mdomoni. Nikakata "ya mawe". Nikasema ni matendo ya watu, hasa kuchoma makaa.

Mnaona nilichofanya? Kwa lugha zetu, Kikamba na Kiswahili, kuchoma makaa si kutia makaa motoni. Ni kuyatengeneza. Ni kukata mti, kuupanga, kuufunika kwa nyasi na udongo na kuutazama ukifuka. Na lile neno la matendo, ndani ya kanisa, ni neno la dhambi. Mgeni alizungumza juu ya mitambo ya nchi za mbali, nami nikawaambia watu wa Mbumbuni kwamba mvua imekimbizwa na dhambi ya wachoma makaa.

Nilihisi halikai sawa. Nilihisi kabisa, kama siku ile ya ndoo. Lakini hapakuwa na hakimu, hapakuwa na mshtakiwa, ilikuwa semina tu. Nikasema moyoni, watanielewa. Mkono wangu ulibaki chini.

Vichwa vikaanza kugeuka. Kwanza cha mama mmoja, kisha benchi zima, kisha kanisa lote, wakimtazama mwanamke aliyekaa karibu na dirisha na kitabu cha nyimbo mapajani. Sikumjua. Aliinamisha uso akawa anafungua kurasa za kile kitabu moja moja, kama anatafuta wimbo. Mzee Nzioka alikuwa bado amesimama. Daktari akaendelea na mstari wake mwekundu, nami nikaendelea naye.

Wiki mbili baadaye nilikuwa sokoni Mukuyuni nikinunua kunde. Muuzaji, mama mwenye mdomo usiochoka, alinitambua.

"Si wewe ndiye mama wa maiki? Mlifanya kazi nzuri. Yule Syombua amekomeshwa."

"Syombua ni nani?"

Akaniambia. Ni mjane, ana shamba dogo karibu na Mbumbuni. Huchoma makaa kwa matawi anayopogoa na miti yake iliyokufa, chifu anajua, na kwa makaa hayo amesomesha watoto wanne. Jumatatu baada ya semina, Mutua na vijana wake walienda kwake na mapipa ya maji, wakamwagia tanuri lililokuwa linawaka, wakalifukua na kutawanya kila kitu. Waliimba wakifanya hivyo. Kikundi cha akina mama kikamtoa uwekahazina, kwaya ikamwambia apumzike kwanza. Tangu siku hiyo hajaonekana kanisani.

"Na mvua bado haijanyesha," nikasema.

"Itanyesha," akasema, akinifungia kunde. "Si sasa tumejua chanzo?"

Nilizibeba zile kunde hadi nyumbani na sikuzipika.

Kesho yake nilishuka kwa Syombua. Njiani nilitunga maneno mazuri ya kuomba msamaha, na mimi maneno ndiyo kazi yangu. Nilimkuta anapepeta mbaazi uani. Pembeni palikuwa na shimo jeusi na udongo uliotapakaa, vipande vya kuni nusu mbichi nusu mkaa, vimelowa na kukauka tena. Kwenye kiti kilichobaki alikuwa amekaa Mzee Nzioka. Kumbe ni kaka wa marehemu mumewe.

"Karibu, mwaitu," Syombua akasema. Unajua Mkamba hata akikuchukia atakukaribisha, na kukuita mama.

Nikaeleza. Nikaeleza makaa ya mawe ni nini, na vile nilivyoikata sentensi. Nilipomaliza, yeye aliendelea kupepeta. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Si wewe uliyemwagia maji tanuri langu."

Nilianza kushusha pumzi.

"Lakini wewe ndiye uliyekuwa na maikrofoni," akasema. "Mimi nilijiuliza usiku na mchana. Nilijiambia, kama msomi amepima dunia nzima akanipata mimi, basi labda ni kweli. Nilianza kuhesabu miti niliyokata tangu niolewe. Nikikumbuka mmoja naona ng'ombe wa jirani amelala."

Hapo nililia. Na nawaambia, si machozi ya kupendeza.

Mzee Nzioka akajisogeza mbele kitini. Nilimtegemea anichape, na alinichapa, lakini kwa namna nyingine. "Watu walinizomea kwa kusema nataka ushahidi," akasema. "Wanasema nabishana na sayansi. Mimi nilikuwa naona huyu shemeji yangu anawekewa mzigo wa mbingu kichwani, ndiyo maana sikuketi. Sasa mama, utarudi pale uliposimama ulisahihishe?"

"Nitarudi."

"Mbele ya watu wale wale?"

"Wale wale."

"Na ukisahihisha, nitasimama niseme: mmeona, hata mkalimani wao alisema uongo."

Alikuwa ananipa onyo la haki, na ndilo lililoninyima usingizi. Kwa sababu mimi ninaamini yale aliyosema Daktari Mwende. Nimeona kisima cha baba mkwe wangu, kilichokuwa hakikauki, kikikauka. Niliogopa kwamba nikikubali kosa moja, watu watatupa yote pamoja nalo, mstari mwekundu na kila kitu.

Nikampigia Daktari simu. Nikamweleza yote.

"Mama," akasema, "hiyo semina imeandikwa kwenye ripoti kwamba ilifaulu."

"Najua."

"Na wakisikia tulikosea neno moja, watasema yote ni uongo."

"Najua hilo pia, Daktari. Lakini sasa hivi wanaamini, na wanachoamini ndicho uongo."

Kisha akauliza, "Huyo mama anaitwa nani?" Nikamwambia. Akasema atakuja Jumapili ya pili, na safari hii atafika mapema.

Nina mpwa aliyefanya kazi na watu wa kuchimba kule Mui, Kitui, walipokuwa wanatafuta makaa ya mawe. Alibaki na kipande kimoja, anazuia nacho mlango. Nilikiazima. Nilitaka watu wakione kwa macho yao, wasinitegemee mimi tena.

Daktari alifika saa mbili asubuhi. Tulikaa chini ya paa la jikoni la kanisa, si nusu saa, saa nzima, neno kwa neno. Ibada ilipokwisha mchungaji akatupisha. Kanisa lilikuwa limejaa. Syombua alikuja akiwa nyuma ya Mzee Nzioka, akakaa karibu na mlango.

Nilisema yangu kwanza, kwa Kikamba, bila kumtafsiria mtu. Nikasema Daktari hakusema mnachokumbuka. Mimi ndiye niliyesema. Nikainua lile jiwe jeusi, nikampa wa kwanza, nikaomba lipitishwe. Lilienda benchi kwa benchi. Watu walilinusa, wengine walilipima uzito. Mtoto mmoja alijipaka usoni, mama yake akampiga kofi dogo.

Mzee Nzioka akasimama kama alivyoahidi. "Mmeona? Hata mkalimani wao alisema uongo. Sasa mimi nitajuaje kwamba haya mengine ni kweli?"

Hakuna aliyemzomea safari hii. Daktari akamjibu taratibu, nami nikienda naye hatua kwa hatua. Akasema kila kitu kilicho hai, mti, mbuzi, mtu, kina alama ndogo sana ndani yake, ambayo huanza kufifia kikifa, polepole, kwa miaka maelfu. Mti uliokatwa jana bado una alama. Makaa ya mawe na mafuta yamelala chini muda mrefu hivi kwamba alama imekwisha kabisa. Wanapopima hewa, wanaona gesi ya moshi, ile inayoshika joto, isiyo na alama, inazidi kujaa ndani yake. Kwa hivyo wanajua imetoka kwa vitu vilivyozikwa, si kwa miti ya juzi tu.

Mzee Nzioka alifikiri, mikono yake mipana imeshika benchi la mbele. "Kwa hivyo mmeiuliza hewa yenyewe."

"Ndiyo, mzee."

"Na hewa haikumtaja Syombua."

Watu wakacheka, lakini kicheko cha aibu. Daktari hakucheka. Akasema hatawadanganya kwa upande mwingine: kufyeka misitu mikubwa kunachangia pia, na kukata ovyo hata hapa kunaharibu udongo. Akasema tena hawezi kuapa kwamba misimu hii miwili iliyokosa mvua imeletwa na joto hilo, msimu mmoja mmoja ni mgumu kuuhukumu. Lakini tanuri moja la matawi haliwezi kuifukuza mvua ya Mbumbuni. Mzee Nzioka akaketi. "Hapo umesema kama fundi," akasema. "Nusu nimeshika. Nusu nyingine nitaenda nayo nyumbani."

Nikadhani tumemaliza. Ndipo Syombua akasimama pale mlangoni.

Kuna kanuni ya mahakama ambayo lazima niwaeleze hapa. Mkalimani hasemi "shahidi anasema alipigwa". Anasema "nilipigwa". Mdomo wako unakuwa wa yule mtu. Hiyo ndiyo kanuni, na wengi huiona ndogo.

Syombua alisema, "Nataka Daktari anisikie. Na wewe mwaitu, mwambie vile ninavyosema, usipunguze."

Basi nikasimama mbele ya lile kanisa na nikamwambia Daktari kwa Kiingereza, kwa sauti yangu mwenyewe: Mimi ni Syombua. Nimeimba katika kwaya hii tangu nikiwa msichana. Mwanamke huyu anayeongea alinipaka dhambi ambayo si yangu, na hakutazama nyuma kuona imeangukia nani. Nyinyi mliokuja na maji mlikuwa mmekula kwa makaa yangu, mnajua jikoni mwenu mnapika na nini. Nilikaa nyumbani nikijiona mimi ndiye niliyewaua ng'ombe wenu. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Waliokuja ni wawili, shemeji yangu ambaye mnamwita mbishi, na huyu, na huyu alichelewa.

Nilisema yote. Nilipofika kwenye "alichelewa" sauti ilikatika, nikanywa maji, nikalisema tena ili likae vizuri. Daktari alikuwa analia. Syombua hakuwa analia. Aliketi.

Mutua alisimama, fulana yake ya kijani imelowa jasho mgongoni. Alifungua mdomo kutoa hotuba, akaufunga. "Jumatatu nitakuja," akasema tu. "Na sururu."

Alikuja kweli, na vijana sita. Mzee Nzioka aliwasimamia wakijenga tanuri la matofali, aina ile isiyokula kuni nyingi, na inasemekana aliwabomolesha ukuta mara mbili kwa sababu haukuwa wima. Na walibishana naye kuhusu hali ya hewa siku tatu mfululizo. Mpaka leo hajakubali ile nusu nyingine. Lakini alipanda mtama badala ya mahindi msimu uliofuata, akasema si kwa sababu ya Daktari, ni kwa sababu mtama ni mtamu. Mvua ilikuja wiki tatu ikiwa imechelewa, ikanyesha kwa hasira, ikabeba matuta ya watu wengi. Daktari huja kila msimu, na siku hizi Kikamba chake kimepita salamu. Juzi aliniinulia mkono katikati ya sentensi kunisahihisha, na alikuwa sawa.

Uwekahazina Syombua alirudishiwa akaukataa. Kwaya alirudi baada ya miezi kadhaa. Tukikutana ananipa mkono, ananiuliza habari za watoto, na sijawahi kumuuliza kama amenisamehe, kwa sababu hilo si swali la kumtwika mtu. Lakini ninapoitwa kutafsiri Mbumbuni hukosi kumwona. Anakaa mbele kabisa, anainamisha kichwa, na anasikiliza kila neno linalotoka kinywani mwangu kama mtu anayechagua mawe kwenye pojo. Akisikia lisilokaa sawa, anainua uso tu. Nami nasimama, namgeukia msemaji, namwomba arudie.

Wasichana wangu, nawaombea kila mmoja wenu apate msikilizaji kama huyo, na asimpate kwa njia niliyompatia mimi.